Mama Mkwe wa Saa Mbili na Nusu

Mwaka ule Ngai Suk-yin alichukiwa na mji mzima wa Hong Kong, na katika maisha yake yote hakuwahi kufurahia kazi kama mwaka ule. Dereva wa teksi alimtazama kwenye kioo akamwambia, "Wewe mama, ungekuwa mama mkwe wa dada yangu, ningekushusha hapa hapa barabarani." Muuza samaki wa soko la To Kwa Wan alimchagulia samaki aliyekwisha kulegea macho, na alipolalamika akajibiwa, "Si utampa mkweo ampike? Wewe shida yako nini?" Suk-yin alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Akarudi nyumbani na samaki wake mbovu, uso umemnawiri kama msichana aliyesifiwa nguo mpya.

Wanaoijua kazi hiyo wanajua: mwigizaji akitukanwa sokoni, kafaulu. Na huyu, jamani, alikuwa amengoja kufaulu kwa muda mrefu mno.

Alizaliwa kwenye nyumba za serikali za Wong Tai Sin, chumba kimoja, familia nzima imo ndani pamoja na magunia ya maua ya plastiki. Kiwanda kilileta vipande, mama na watoto waliviunganisha: jani, ua, kikonyo, jani, ua, kikonyo. Wadogo wakianza kusinzia, Suk-yin aliimba ili mikono isisimame. Majirani wa ng'ambo ya ukumbi walikuwa wakipiga kelele, "Wewe wa maua! Rudia ule wa jana!" Naye anarudia. Hakujua kwamba anajifunza kazi. Alidhani anafukuza usingizi tu.

Alipofika miaka kumi na minane akaingia shindano la kuimba katika bustani ya michezo ya Lai Chi Kok, akatoka wa pili. Wa kwanza aliolewa na daktari wa meno na hakuimba tena mpaka leo. Wa pili ndiye huyu. Akaanza kuimba kwenye migahawa mikubwa, mahali ambapo watu wanatafuna bata wa kuchoma na kugombana juu ya mbio za farasi huku wewe uko jukwaani unalilia mapenzi. Ukitaka wakusikie, huwezi kupandisha sauti, maana wao watapandisha zaidi. Yeye aligundua kwamba ukishusha, vijiko vinatulia. Huo ndio ukawa mtindo wake.

Halafu kituo cha televisheni kikamchukua, akaimba wimbo wa kufungulia tamthilia moja ya wapiga panga. Loo! Wimbo ule ulishika. Jioni ukipita kati ya maghorofa ulikuwa huuachi nyuma, kila dirisha linautoa. Sahani zake za santuri zikauzwa, picha zake zikabandikwa kwenye saluni, wakampa na filamu: alikuwa mzuka mara tatu, mrembo wa kutekwa mara nyingi zaidi, na mara moja polisi, ingawa kukimbia hajui na kila mtu aliona kwamba hajui. Akaolewa na mpiga saksafoni. Akazaa mtoto wa kiume, Pak-kiu.

Raha ile haikudumu. Vijana wapya walikuja na nywele zao za kusimama na miguu ya kucheza, na kampuni ya santuri ikaacha kumpigia simu. Mpiga saksafoni alikwenda Vancouver kutazama hali kwanza. Akaitazama, akaipenda, akampenda na mtu huko huko. Suk-yin akabaki na mtoto na mkataba mdogo wa televisheni. Kwa miaka na miaka kazi yake kwenye tamthilia ilikuwa kuwauliza watu kama wameshakula. Leo ni shangazi, kesho ni mpangaji, keshokutwa ni muuguzi, anafungua mlango, anauliza, "Umekula?" kisha wenye maneno wanaendelea na mambo yao. Jumamosi anaimba kwenye karamu za wazee. Hakukataa kazi hata moja wala hakuchelewa. Wenzake wadogo walimwita Dada Yin, wakampenda, na hakuna aliyemfikiria kwa jambo lolote kubwa.

Ndipo mwigizaji aliyekuwa amechaguliwa kuwa Mama Tin katika tamthilia mpya akavunjika nyonga bafuni, na mwongozaji, bwana mmoja Szeto mwenye haraka zake, akasema, "Haya, mleteni Dada Yin, yuko karibu." Suk-yin alisoma karatasi zile ndani ya basi, akapitiliza kituo chake, akapitiliza na kilichofuata.

Mama Tin alikuwa mwenye kiwanda cha mchuzi wa soya, na mama mkwe wa kukuondolea hamu ya kuolewa. Hakupiga kelele. Suk-yin alimpa sauti ile ile ya kushusha vijiko. Katika sehemu iliyompa jina, mke wa mwanawe anapiga magoti kumpa chai siku ya harusi, kama desturi inavyotaka, na Mama Tin anajipepea, anaongea na wageni, anamwacha binti wa watu na kikombe mikononi mpaka mikono inatetemeka. Kisha anagusa kikombe kwa ncha ya kidole. "Imepoa. Lete nyingine." Kesho yake watoto wa shule waliambiana hivyo kwenye ngazi za stesheni ya treni. Kila siku saa mbili na nusu, wakati wa chakula cha jioni, mji ulikuwa umekaa na bakuli mkononi ukimlaani.

Sasa hapo hapo, kwenye kilele cha heri yake, Pak-kiu akaja na habari kwamba anataka kuoa.

Binti alikuwa Man-ching, muuguzi, mpole lakini si wa kuchezewa. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na bibi mzaa mama, Bibi Luk, mwanamke aliyeolewa zamani kijijini Yuen Long, aliyepita miaka themanini na bado anabeba gunia la mchele mwenyewe kutoka dukani. Man-ching alisema wazi: bibi asipokubali, hakuna harusi. Pak-kiu hakuona tatizo. Bibi alimpenda, alikuwa akimwekea paja la kuku kila akienda.

Familia zikakutana kunywa chai asubuhi ya Jumapili, kwenye mkahawa wenye kelele za kawaida. Suk-yin alivaa vizuri, bila makuu. Bibi Luk aliingia akishikwa mkono na mjukuu, akamwona, akasimama pale pale.

"Man-ching. Yule ni nani?"

"Bibi, ndiye mama yake Pak-kiu. Nilikwambia ni mwimbaji."

"Uliniambia mwimbaji. Hukuniambia ni yeye."

Walimkalisha. Suk-yin, kama ilivyo adabu, akainua birika kummiminia mkubwa kwanza. Bibi Luk alikitazama kikombe kwa muda, akakigusa kwa ncha ya kidole, akasema, "Imepoa. Lete nyingine."

Meza ya jirani ikapasuka kwa kicheko. Mhudumu mwenye vikapu vya maandazi ya mvuke akainama akanong'ona, kwa sauti ambayo mkahawa mzima uliisikia, "Bibi, mimi ningekuwa wewe hata hiyo nyingine nisingeinywa." Suk-yin naye akacheka, lakini aliona kwamba bibi hacheki.

"Mama, ule ni mchezo tu," Suk-yin akasema.

"Usinifanye mtoto. Najua ni mchezo. Nina televisheni tangu kabla mwanao hajazaliwa." Bibi Luk aliweka mikono mapajani. "Lakini niambie, ule ubaya ulikwenda kuuazima kwa nani? Mtu akilia kwa uongo namjua. Akicheka kwa uongo namjua. Wewe unavyomtazama yule binti aliyepiga magoti, si uongo. Unacho humo ndani. Na siku ya harusi mjukuu wangu ndiye atakayepiga magoti mbele yako na kikombe. Mimi nikae nitazame? Thubutu!"

Hakuna aliyegusa maandazi. Man-ching alimbembeleza, Pak-kiu aliapa, bibi akaomba arudishwe nyumbani. Suk-yin aliketi na birika lake, moyo umemvimba kwa mambo mawili kwa wakati mmoja, na la kwanza lilimtia aibu: hakuna aliyewahi kumsifu kazi yake hivyo. La pili lilikuwa ni uso wa mwanawe.

"Mama," Pak-kiu akamwambia jioni ile, "sehemu za mwisho bado hamjarekodi. Mwombe Szeto. Mama Tin atubu, amkumbatie mkwewe, alie kidogo, basi. Bibi ataona, atalegea."

Alikwenda kumwomba. Ndiyo, alikwenda, mwigizaji mzima wa umri ule, akaomba. Na Szeto, kwa kuwa alimheshimu, akamwandikishia ukurasa: Mama Tin anaota ndoto, anaamka analia, anatubu. Suk-yin aliusoma mara moja tu. Ulikuwa upuuzi mtupu. Mwanamke mkavu kama yule haamshwi na ndoto. Tena Bibi Luk, mwenye macho yale, angeuona uongo kabla ya wimbo wa kufungia. Akaurudisha.

Pak-kiu aliposikia akasema, "Kwa hiyo Mama Tin ni bora kuliko mimi."

"Mwanangu, usiseme hivyo."

"Si ndivyo? Maisha yangu yote uko kazini. Sijawahi kukuomba uiache hata siku moja. Nimekuomba ukurasa mmoja."

Lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Alimlea kwa kuwauliza watu wa kwenye televisheni kama wamekula, na mara nyingi mwanawe mwenyewe alikula peke yake. Alilia, na safari hii hakuna kamera iliyomwona. Kisha akaosha uso, akachukua simu, akampigia Bibi Luk mwenyewe.

"Mama, ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mama Tin."

"Unataka nini?"

"Alhamisi tunarekodi mwisho. Njoo utazame. Uone sebule yangu ni mbao, na ghadhabu yangu inatengenezwa vipi. Ukishaona, ukisema hapana, sitakusumbua tena."

"Mwisho unakuwaje?"

"Njoo uone."

"Jirani zangu wote hawajui mwisho," bibi akasema, kama anajisemea mwenyewe. "Saa ngapi?"

Alhamisi alikuja, kavaa koti lake zuri, Man-ching kando yake. Wakawekewa viti nyuma ya kamera. Bibi aligonga ukuta wa sebule ya Mama Tin kwa kifundo cha kidole, akausikia mtupu, akaguna. Aliwaona watu wakimpaka poda Suk-yin, akamwona yule binti wa tamthilia, Lok-yiu, anayeteswa kila jioni, akimletea Suk-yin maji ya moto na kumwegemea begani kama mtoto wake. "Kumbe hawa wanapendana," bibi akamwambia Man-ching. Akaonekana kulegea kidogo, na Suk-yin kutoka mbali akaona, akapata matumaini.

Kisha Szeto akaita kutoka chumba cha juu, taa zikawaka, kazi ikaanza.

Sehemu yenyewe ilikuwa hivi. Mkwe amejifungua. Jikoni kwa Mama Tin kuna chungu kikubwa cha siki nyeusi tamu, na ndani yake tangawizi, mayai na miguu ya nguruwe, ile ambayo kila mama mkwe wa kwetu huanza kuipika mimba ikiwa bado tumboni, ili mzazi apate nguvu na majirani wagawiwe. Mama Tin amekipika kwa kumngojea mjukuu wa kiume. Mkunga anakuja mlangoni, anasema ni msichana. Mama Tin hasemi neno. Anakinyanyua chungu, anakwenda nacho kwenye karo, anaanza kumwaga polepole, huku kitandani mzazi anasikia.

Suk-yin alikinyanyua. Aliinamisha. Yai la kwanza likadondoka kwenye karo.

"Usimwage!"

Watu wote waligeuka. Bibi Luk alikuwa amesimama, na kabla Man-ching hajamkamata alikuwa ameshapita kamera, ameruka waya, yumo ndani ya ile nyumba ya mbao.

"Usimwage, nasema! Mwezi mzima umekipika! Nilikuwa nasikia harufu yake nikiwa na uchungu, nikajiambia, vumilia, ukimaliza hili utakunywa. Ukaja ukasimama mlangoni. Hukuingia hata mguu mmoja. Ukauliza ni nini, ukaambiwa, ukaenda kumwaga kwenye mfereji wa nguruwe, na mimi niko kitandani nasikia!" Sauti yake ilikuwa imepanda, nyembamba, si sauti ya bibi mzee tena. "Nilikukosea nini mimi? Mtoto alikukosea nini? Mtoto hata macho hajafungua!"

Msaidizi mmoja alisogea amshike. Kutoka juu Szeto akasema kwa kipaza sauti, taratibu, "Mwacheni." Man-ching alisimama mdomo wazi. Mtoto yule wa miaka ile alikuwa mama yake, na habari hiyo hakuwahi kuisikia hata siku moja.

Suk-yin alikuwa na chungu mikononi. Alimtazama bibi machoni, akaona kwamba pale mbele yake hakuna Suk-yin wala tamthilia. Yupo mtu mwingine, mama mkwe wa bibi mwenyewe, wa kule kijijini Yuen Long, aliyekwisha kuzikwa zamani na hakuacha neno. Angeweza kusema, "Mama, tulia, ni mchezo." Wengi wangesema hivyo. Lakini mwenzako akikupa maneno mazito kama yale, humwachi hewani. Miaka yote ile ya kufungua milango na kuuliza watu kama wamekula ilikuwa imemfundisha angalau hilo.

Akakiweka chungu chini. Akapiga magoti kwenye sakafu ya studio, nguo za Mama Tin mwilini, akasema kwa ile sauti ya chini:

"Hukunikosea kitu. Mtoto hakunikosea kitu. Mimi ndiye niliyekosa. Nisamehe, mwanangu."

Bibi Luk akasema, "Umechelewa."

"Nimechelewa."

"Nilikulisha kwa kijiko ulipoanguka kitandani. Nikakuosha, nikakugeuza. Miaka. Hukusema neno."

"Sikusema. Nilikuwa nakuona kila siku, na sikusema."

Basi bibi akalia. Alilia kwa sauti, amesimama wima, mikono imening'inia, na Lok-yiu kitandani analia, na mpiga kamera analia, na Man-ching akaja akamshika kiuno kwa nyuma. Suk-yin hakuinuka. Alibaki pale chini mpaka kilio kikapungua chenyewe.

Szeto alishuka ngazi akipenga makamasi. "Dada Yin, kamera zilikuwa zinakwenda. Yote tunayo. Yote! Ukiniruhusu…"

"Futa," Suk-yin akasema, bado kapiga magoti. "Hiyo si yako wala si yangu." Szeto akaenda kufuta.

Bibi Luk alijifuta uso kwa leso, akavuta pumzi, akachungulia ndani ya chungu. Akachovya kidole, akaonja. "Hii soda."

"Soda, mama."

"Hata tangawizi hamna. Aibu." Akamtazama yule mwanamke aliye sakafuni, akamtazama kwa muda mrefu. "Inuka, Bi Ngai. Hayo magoti yako si ya msichana."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. Suk-yin akainuka, kwa shida, akishika meza ya Mama Tin.

"Man-ching akijifungua," bibi akauliza, "nani atampikia siki?"

"Mimi."

"Ya kweli? Si ya soda?"

"Ya kweli, mama. Tangawizi nitamenya kwa mkono wangu."

"Akizaa msichana?"

Man-ching akamfinya bibi mkono, uso umemwiva. Suk-yin hakuhitaji kufikiri.

"Nitapika vyungu viwili."

Bibi Luk akaitikia kwa kichwa polepole, akamgeukia mjukuu wake. "Haya," akasema. "Mwambie Pak-kiu atafute tarehe."